Neno "Mama" Lilikuwa Mibonyezo Minne

Kwenye simu ya vitufe, kuandika "mama" kulitaka ubonyeze mara nne tu. Sita, mbili, sita, mbili, umemaliza. "Baba" alikuwa na mambo mengi. Herufi zake zote nne zinakaa kwenye kitufe kimoja, cha mbili, kwa hivyo unabonyeza mara mbili kupata B, unangoja simu ikubali, unabonyeza mara moja kupata A, unangoja tena, kisha unarudia yote. Mibonyezo sita na kungoja mara tatu. Sitaki kuanzisha vita vya nyumbani, lakini hesabu ni hesabu.

"Sasa" ndiyo ilikuwa noma. S imefichwa mwisho kabisa wa kitufe cha saba, nyuma ya P, Q na R, kwa hivyo kila S ni mibonyezo minne. "Sasa" nzima ni kumi. Toa S, weka X, ambayo ni ya pili kwenye kitufe cha tisa, na "xaxa" inakugharimu sita. "Sijui" ni 13; "cjui" ni tisa. Walimu wetu wa Kiswahili walituambia tunaiua lugha. Mimi, ambaye niliikuta enzi hiyo ikielekea ukingoni, naona tulikuwa tunaokoa kidole gumba. Na kama unataka kujua mapenzi ya wakati huo yalipimwaje: "nakupenda" ni mibonyezo 14. "Nitumie" pia ni 14, ila T na U zinakaa kitufe kimoja, kwa hivyo lazima usimame kidogo katikati. Aliyekuandikia "nitumie" alikuwa amejituma kuliko aliyekuandikia "nakupenda".

Kulikuwa na njia ya mkato, ile programu ya T9 iliyobuniwa Marekani miaka ya 1990, ambayo ulibonyeza kila kitufe mara moja tu na simu ikakisia neno. Tatizo ni kwamba ilikisia kwa Kiingereza. Herufi za "poa" ziko kwenye nambari zilezile, 7-6-2, za neno la Kiingereza "rob", yaani kuiba kwa nguvu. Unamjulia msee hali, simu inataka kumpora. Wengi wetu tuliizima tukarudi kubonyeza.

Mpangilio huo wa vitufe una wenyewe. Chukua kikokotoo cha dukani: safu ya juu ni 7, 8, 9. Chukua simu: safu ya juu ni 1, 2, 3. Haikutokea hivihivi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya simu ya Bell, Marekani, ilitaka kuondoa kile kisahani cha kuzungusha kwenye simu za mezani, na swali la nini kiwekwe mahali pake likaangukia idara ya John Karlin katika maabara za Bell Labs. Karlin alikuwa mwanasaikolojia na mpiga fidla, na alikuwa mtoto wa bara hili. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1918 na kusoma Chuo Kikuu cha Cape Town kabla ya kuvuka kwenda Marekani. Idara yake iliwaketisha watu wa kawaida mbele ya vitufe vilivyopangwa kwa kila namna: duara, safu mbili za vitufe vitano vitano, mraba. Wakapima nani anakosea, nani anachelewa, kitufe kiwe kikubwa kiasi gani, kizame kwa uzito gani. Matokeo yalichapishwa 1960. Simu za vitufe ziliingia sokoni Novemba 1963, na mwaka 1968 zikaongezewa vitufe viwili, nyota na reli. Hivyo viwili viweke akilini, tutavihitaji tukifika nyumbani.

Kuna kisa kimoja cha Karlin nakipenda sana. Kampuni ilitaka kujua kama waya wa simu ya mezani unaweza kufupishwa ili shaba isitumike nyingi. Badala ya kuwauliza watu, Karlin alikuwa akiwavizia wenzake ofisini, na kila baada ya siku chache anaukata waya wao inchi moja. Hakuna aliyeshtuka mpaka waya ulipokuwa umepungua karibu futi nzima. Huyo ndiye aliyeongoza kazi ya kupanga nambari tunazobonyeza: mtu aliyeelewa kwamba mwili una maarifa yake, ambayo mwenyewe ukimwuliza hawezi kukueleza.

Kitufe kinafanya kazi kwa maarifa hayo. Chini ya mpira kuna kidude chembamba kilichojikunja kama bakuli lililopinduliwa. Unakisukuma, kinakataa kidogo, halafu kinabonyea ghafla na kurudi. Ile "tk" unayoisikia kwenye ncha ya kidole ni risiti. Imekufikia kabla jicho halijaona chochote. Na kwenye kitufe cha tano kuna nundu ndogo sana, ambayo pengine umeigusa maelfu ya mara bila kuifikiria. Gumba likikaa pale, linajua zilipo nambari nyingine nane zinazoizunguka. Ndiyo maana katika shule za bweni, ambako simu ilikuwa haramu, kulikuwa na magwiji wa kuandika meseji nzima mkono ukiwa mfukoni mwa sweta, macho yamekazwa kwa ubao kama mtu anayependa sana hesabu.

Watu hudhani kioo cha kugusa kilikuja baada ya vitufe, kama mtoto baada ya baba. Kwa kweli wamelelewa pamoja. Mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya simu za vitufe kuanza kuuzwa, Mwingereza E. A. Johnson, aliyefanya kazi katika taasisi ya rada ya serikali huko Malvern, alichapisha maelezo ya kioo kinachohisi kidole, akilenga watu wanaoongoza ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mjini Geneva, walikuwa wakijenga mtambo mkubwa ambao chumba chake cha kuuongoza kingehitaji maelfu ya vitufe na swichi. Frank Beck na Bent Stumpe wakaamua: badala ya vitufe elfu, kioo kimoja ambacho vitufe vyake vinabadilika kulingana na kazi. Hoja nzima ya kioo iko hapo, na ni hoja nzuri. Kitufe kinajua jambo moja. Kioo kinaweza kuwa kitu chochote.

Simu ya kwanza ya kugusa iliyouzwa madukani ilikuwa Simon ya IBM, mwaka 1994. Ilikuwa na uzito wa nusu kilo na betri iliyochoka kwa kama saa moja ya kuongea. Ziliuzwa kama 50,000, ikazikwa.

Sasa mwaka 2007. Jumanne, tarehe 9 Januari, San Francisco, Steve Jobs alisimama jukwaani, nyuma yake kukiwa na picha ya simu nne zenye kibodi, BlackBerry ikiwemo, akazishtaki. Kosa lake kuu, alisema, ni vile vitufe vya plastiki, ambavyo vipo hata wakati huvihitaji na haviwezi kubadilika programu inapobadilika. Ile hoja ya Geneva, miaka 35 baadaye, ikiwa imevaa shati jeusi. iPhone ilibaki na kitufe kimoja tu usoni. Steve Ballmer wa Microsoft alipoulizwa aliicheka: simu isiyo na kibodi, na bei hiyo, mtu wa biashara ataifanyia nini? Waliokuwa na BlackBerry mkononi walikubaliana naye, kwa sababu vidole vyao viliandika barua pepe gizani. Kicheko hicho hakikudumu. Mwaka uliofuata, Research in Motion, wenye BlackBerry, walitoa Storm, simu ya kugusa ambayo kioo chake chote kilikuwa kitufe kimoja kikubwa; ukikibonyeza kinazama na kulia. Walitaka kioo na "tk" kwa wakati mmoja. Wanunuzi wengi waliirudisha dukani.

Hadithi hii ukiisoma kwenye intaneti huishia hapo. Kitufe kikafa, kioo kikatawala. Lakini wiki nane kamili baada ya siku ile ya San Francisco, Jumanne pia, tarehe 6 Machi 2007, Safaricom ilizindua M-Pesa.

Mwaka uleule ambao Marekani ilimwambia kitufe kazi yako imekwisha, Kenya ilimpa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Wazo lilikuwa limeanzia Vodafone, Uingereza, kwa Nick Hughes na Susie Lonie, na majaribio yalifanyika Nairobi na Thika kuanzia 2005. Mpango wa kwanza ulikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Watu wakagundua wenyewe kwamba pesa hizo unaweza kumtumia mtu yeyote, na biashara ikageuka. Menyu haikuwekwa kwenye simu, iliwekwa ndani ya laini. Maana yake simu yoyote ilifaa, na simu yoyote wakati huo ilikuwa ya vitufe.

Na hasa ilikuwa Nokia 1100 na ndugu zake. Hii ilitoka 2003, ikatengenezwa makusudi kwa watu kama sisi: vitufe vya mpira uliounganika ili vumbi lisipenye, na tochi kichwani. Kenya tukaibatiza mulika mwizi. Nadhani hakuna kampuni ya matangazo ingeweza kutunga jina zuri kama hilo. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na Nokia ilipouza simu yake ya bilioni moja mwaka 2005, ilikuwa 1100, na aliyeinunua alikuwa Nigeria. Hebu fikiria: simu iliyouzwa kuliko karibu kila kitu cha umeme duniani haikuwa na kamera, haikuwa na intaneti, na bado ilitosha kuhamisha mshahara kutoka Industrial Area hadi Kakamega kabla chai haijapoa.

Tangu hapo uchumi wetu umeandikwa kwa lugha ya Karlin. *144# kuangalia kredo. *141# na nambari za kadi uliyokwangua kwa ukucha. *131# kukopa kredo siku mambo yamekaza. Tokeni ya stima, nambari 20, unaziingiza kwenye kale kamashine ka ukutani, kwa vitufe vya nambari. Serikali ilipozindua Hustler Fund Novemba 2022, miaka 15 baada ya iPhone, mlango wake ulikuwa *254#. Tunaongea sana kuhusu Kenya kama nchi ya programu na vijana wa teknolojia, na ni kweli, mimi mwenyewe nalipwa vijisenti na watu hao kuandika maneno ya tovuti zao. Ila pesa ya nchi hii ilijifunza kutembea kwa nyota na reli.

Kioo kilikuja polepole, halafu kwa kasi. Mwaka 2009 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa simu, na bei zikashuka. Mwaka 2011 Safaricom ilileta IDEOS ya Huawei kwa bei ya karibu shilingi 8,000, na kwa mara ya kwanza kijana wa campus asiye na baba mkubwa aliweza kushika Android. Kioo chake kilikuwa kidogo kama kiberiti, tulikiabudu. Mwisho wa Septemba 2012 tume ya mawasiliano ikazima simu feki karibu milioni 1.9, na wengi walipoenda kununua nyingine walirudi na ya kugusa. Tecno, Infinix na itel zikajaza Luthuli Avenue. Mwaka 2020 ikaja Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 kwa siku. Simu ya vitufe ikapata jina jipya, kabambe, na jina hilo likawa na kicheko ndani yake. Kuitoa mfukoni mbele ya watu kukawa ni kujieleza.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, na si kwa sababu ya mapenzi ya zamani. Sitetei zamani. Kioo kimefanya mambo ambayo kitufe kisingeweza kamwe. Mtu asiyejua kusoma sasa anarekodi sauti na kuituma. Hahitaji herufi yoyote. Mama mboga anapiga picha ya sukuma anampelekea mteja. Tangu 2009, iPhone na Android zina programu zinazomsomea asiyeona kila anachogusa, na rafiki yangu mmoja asiyeona aliniambia wazi kwamba nikianza kuimba sifa za mulika mwizi atanikatia simu, kwa sababu mulika mwizi ilimpa nambari lakini haikuwahi kumsomea meseji hata moja. Alizokuwa akitumiwa, za mapenzi na za madeni, zote zilisomwa na kaka yake.

Lakini huyohuyo aliniambia jambo jingine. Nambari ya siri, kwenye kabambe, aliiingiza mkono ukiwa ndani ya mfuko wa koti, foleni nzima ikiwa nyuma yake. Kwenye kioo inabidi avae visikilizio kwanza, atafute nambari moja moja huku sauti ikimwongoza. Kioo hakina nundu ya tano. Hakina tano kabisa mpaka skrini iamue kuichora, na kesho programu ikibadilishwa inaweza kuichora mahali pengine.

Kioo pia hakimjui kila mtu. Kinahisi kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme. Ngozi inapokaribia, ule uga mdogo wa umeme juu ya kioo unabadilika, na simu inapiga hesabu mguso uko wapi. Ngozi iwe laini na yenye unyevu kidogo, mambo ni sawa. Iwe ngumu na kavu, kama ya mtu wa mjengo au mchumaji chai au fundi wa jua kali Gikomba, kioo kinaweza kukaa kimya. Nimemwona mtu akilamba kidole ili simu imtambue. Kitufe hakikuuliza mkono wako unafanya kazi gani.

Na wale waliokiua kitufe wanamkumbuka. Mwaka 2016, kitufe kimoja kilichobaki usoni mwa iPhone kilifanywa kisiwe kitufe: hakizami, ni kipande kigumu, ila ukikigusa mtambo ulio ndani unatetemeka hadi kidole chako kinaapa kimebonyeza. Mamilioni ya watu walikuwa wakibonyeza kitu kisichosogea. Mwaka uliofuata iPhone X ikakiondoa kabisa. Kisha, 2023 na 2024, kampuni hiyohiyo ikaanza kuongeza vitufe ubavuni, na ikavitangaza kama habari mpya.

Nje ya simu, somo lilikuwa chungu zaidi. Agosti 2017, meli ya kivita ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore. Mabaharia 10 walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba mabaharia walichanganyikiwa na vioo vya kugusa vya kuiendesha, na jeshi hilo la maji likaamua kurudisha mikono ya chuma ya kuongeza na kupunguza mwendo. Ulaya nako, Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari, wanataka kuanzia 2026 gari lipoteze alama kama honi, vipangusio vya kioo au taa za kuashiria zimefichwa ndani ya skrini. Mtu anayeangalia barabara anahitaji kitu ambacho mkono unakipata wenyewe.

Kwa tajiri, basi, kitufe kinarudi kama anasa. Kwa wengine hakikuwahi kuondoka. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano bado zinahesabu kabambe nchini kwa makumi ya mamilioni. Wengi walio nazo wana simu mbili. Uliza Nairobi. Ya kugusa iko mkononi, ile wanayoinyakua vijana dirishani mwa matatu pale Globe. Kabambe iko ndani ya soksi, na laini ya M-Pesa iko ndani ya kabambe.

Shosho yangu ushago alitumia kabambe kwa miaka mingi. Hakusoma sana. M-Pesa hakuijua kama maneno, aliijua kama hatua za densi: chini mara mbili, sawa, nambari, sawa, kiasi, sawa, siri, sawa. Aliweza kumtumia mtu pesa huku akimkaripia mbuzi. Mwaka juzi mjomba, kwa upendo wote, akamletea simu ya kugusa, kubwa, yenye kava la maua, akaihamishia laini. Ile kabambe akapewa mtoto wa jirani aichezee.

Densi ikapotea. Menyu ilikuwa mahali papya kila wiki, au alihisi hivyo, kwa sababu kidole chake kikikawia juu ya kioo kilizihamisha picha bila yeye kujua. Vidole vyake ni vya jembe. Mara kioo kinamsikia, mara hakimsikii, mara kinamsikia mara mbili. Kwa hivyo akaanza kuita watoto. Leo huyu, kesho yule. "Niwekee hapo, mtoto wangu, nambari ni hii." Akawa anaitaja kwa sauti kwa sababu mtoto yuko upande wa pili wa jiko. Kufikia Desemba, watoto watano walijua nambari ya siri ya shosho, na kama wao wanaijua basi mama zao wanaijua.

Halafu pesa za chama zikapungua. Shilingi 800. Mjini hizo ni nauli na chipsi. Pale zilikuwa zamu ya mwanamke mwingine, na shosho ndiye mweka hazina. Hakumshuku mtu kwa jina. Alilipa kutoka mfukoni mwake, akakaa siku tatu bila kwenda kwa jirani yeyote, na hiyo kwake ni kama kufungwa jela. Watu wakizungumzia teknolojia kuwaacha wazee nyuma huwa wanamaanisha hawajui kutumia. Shosho alijua. Alijua kabisa, kwa miaka zaidi ya kumi, mpaka maarifa yake yakabadilishiwa sakafu.

Krismasi niliposhuka, alinipa noti mbili za elfu zilizokunjwa mara nne na agizo moja: nisirudi kutoka sokoni bila ya kubonyeza. Nilimpata muuzaji mwenye itel za rangi mbili, nyekundu na buluu. Tulizifungua, nikapitisha gumba kwenye kitufe cha tano, nundu ilikuwepo. Nyekundu.

Ile kubwa ya maua bado iko, kwenye kabati la vyombo, na Jumapili inatolewa ili aongee kwa video na binti yake aliye Qatar. Anaitegemeza kwa bakuli la sukari na kuipungia mkono. Lakini laini tuliihamisha jioni ileile. Alichukua kabambe, akaishika kwa mkono mmoja, gumba likaanza kushuka menyu, tk, tk, sawa. Alikuwa anabadilisha nambari ya siri. Nikamwuliza kama nimsaidie.

Akaniambia nitoke nje kwanza.